Mayai Ambayo Nazaria Hakuyaandika

Nianze kwa kukiri, maana mkifika kijijini kwetu Piedra Parada mtaambiwa tu: mwanamke aliyeharibu utafiti wa kuku ni mimi, Otilia Bejarano, mwoka mikate. Sikuuharibu peke yangu, ila watu hupenda kumtaja mmoja, na mdomo wangu huu umenifanya nikumbukwe upesi. Aliyeuokoa ni Nazaria Manueles. Habari hii ni yake, kwa hiyo nitajitahidi nisijitie sana katikati.

Nazaria ana miaka hamsini na minne, mfupi, mwendo wake wa haraka, na kazi yake ni kuhesabu. Hata asipolipwa anahesabu. Anahesabu ngazi za kanisa akipanda, anahesabu padri kasema "ndugu zangu" mara ngapi, na mkikaa naye mezani anahesabu tortilla, chapati zetu za mahindi, mnazokula mpaka unaona haya kuchukua ya sita. Aliishia darasa la sita, kwa sababu hapa kwetu enzi hizo ndilo lilikuwa la mwisho. Sensa ilipopita, walitafuta mtu anayejua kuandika na asiyeogopa mbwa, wakampata yeye. Tangu siku hiyo kila anayepanda milima hii na karatasi za maswali huelekezwa mlangoni kwake.

Ana sifa moja ambayo hata wasiompenda humkubalia: hajazi jibu ambalo hakupewa. Wapo wakusanya takwimu wenzake waliokaa dukani wakinywa soda, wakajaza nyumba kumi bila kuinuka kitini. Nazaria alipanda mlima saa mbili nzima kumfuata mzee mmoja na kumwuliza ana miaka mingapi. Mzee akasema, "Mingi." Nazaria akaandika: Mingi. Ofisi ikamrudishia karatasi ili arekebishe, naye akaituma tena vilevile, akaongeza tu kwamba mzee anamsalimia mkuu wa ofisi.

Sensa ilimfundisha namna ya kwanza ya utafiti, ile nyepesi: unahesabu kilichopo, basi. Nyumba ngapi, watoto wangapi, paa la vigae au la bati. Namna ya pili aliijua walipokuja watu wa afya kupima urefu wa watoto na kuuliza kila nyumba ina vitu gani. Wao walitaka kujua ni kitu gani kinaandamana na kitu gani. Ikaonekana kwamba nyumba zenye redio zilikuwa na watoto warefu zaidi. Nazaria akalitaja jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji, na wiki iliyofuata Tiburcio Lemus akashuka mjini, akarudi na redio, akaiweka kando ya kitanda cha mwanawe.

"Mama Nazaria, nimenunua," akamwambia. "Sasa atarefuka lini?"

"Nani arefuke?"

"Mtoto! Si ulisema wenye redio watoto wao warefu?"

"Nilisema vinaandamana, Tiburcio. Sikusema kimoja kinamvuta mwenzake."

"Si ndiyo hivyo? Mimi nimemleta mmoja, mwenzake atafuata."

"Jamani! Mwenye redio ana shamba kubwa, ana ng'ombe. Mtoto wake anakunywa maziwa. Hiyo redio yako ina maziwa, baba?"

Tiburcio akaipunguza redio sauti, kisha akasema kwamba hata hivyo mtoto anazipenda nyimbo. Mpaka leo tunamtania.

Namna ya tatu ililetwa na Daktari Ileana Zúniga kutoka Tegucigalpa. Ni daktari wa vitabu, si wa sindano. Ni binti mwembamba, mpole, aliyevaa kofia pana hata akiwa ndani ya nyumba. Alituita wazazi wote wenye watoto wa chini ya miaka mitatu, nyumba themanini kamili, tukakaa kwenye viti vya watoto vya shule, magoti yakigusa videvu.

"Sitaki kuangalia tu kinachoandamana na kingine," akasema. "Nataka kubadilisha kitu kimoja, mengine yote yabaki yalivyo, halafu tungoje mwaka tuone. Nyumba arobaini zitapata kuku sita kila moja. Nyumba arobaini zitangoja. Kila mwezi tutapima watoto wote. Wenye kuku wakirefuka zaidi ya wasio na kuku, hao waliongoja nao watapewa."

"Na wasiporefuka?" nikauliza.

"Basi tutajua kuku si dawa, na fedha zitakwenda kutafuta dawa nyingine."

Palizuka zogo la nani apate. Mmoja akasema wapewe maskini, mwingine akasema wapewe wanaojua kufuga. Nazaria ndiye aliyetunyamazisha. "Nikichagua mimi, nitawapa ninaowapenda," akasema. "Akichagua Daktari, atawapa wenye mabanda mazuri, halafu mwakani hatutajua kama ni kuku waliosaidia au ni banda. Punje ya mahindi haipendi mtu." Akazitia punje themanini kwenye ile kofia pana, arobaini za njano za kupata kuku na arobaini nyeusi za kungoja, tukapita mmoja mmoja kuchomoa bila kuangalia.

Mimi nikatoa ya njano. Nilikuwa na Josué, mtoto aliyenijia baada ya mimi kudhani nimekwisha funga duka la uzazi. Nazaria naye alikuwa kwenye bahati nasibu, kwa kuwa analea mjukuu wake Delmi, ambaye mama yake anafanya kazi ya kushona kiwandani huko pwani. Akachomoa nyeusi.

Mimi nilimwona uso. Delmi alikuwa na mwaka na nusu, na siku ya kupimwa nukta yake iliangukia chini kabisa kwenye karatasi ya Daktari, chini ya watoto wote. Bibi mwingine angesema mtoto ni mdogo kwa sababu mama yake ni mdogo. Nazaria alijua kusoma zile nukta, akajua maana yake. Daktari, aliyemwajiri Nazaria kumkusanyia takwimu, akamwambia kwamba Delmi atampima yeye Daktari mwenyewe, maana mkono wa bibi hurefusha. Nazaria akakubali, akasema hiyo ni haki.

Sasa nieleze kosa letu. Delmi ni mtoto wangu wa ubatizo, na ndiyo sababu mimi na Nazaria tunaitana komadre. Hapa kwetu mtoto wa ubatizo akikuona asubuhi hukuomba baraka, nawe ukishambariki hutamwacha aende mikono mitupu. Utampa mkate, ndizi, chochote kilichopo. Nilipopata kuku, chochote kilichopo kikawa yai. Mimi nina watoto watano wa ubatizo, na hakuna nyumba Piedra Parada isiyokuwa na wake.

Jambo la pili ni kwamba zawadi ya ubatizo haihesabiwi. Kumwuliza mtu kapewa nini na mama yake wa ubatizo ni sawa na kumpekua mfukoni, na kuhesabu ulichotoa ni aibu kubwa zaidi. Nazaria anayehesabu hadi kupiga chafya kwa watu hakuwahi kuyahesabu mayai ya Delmi. Kwake hayakuwa mayai ya utafiti. Yalikuwa baraka, nazo baraka hazina safu kwenye karatasi.

Na dodoso lenyewe lilimsaidia kukosea. Swali la kumi na moja lilisema: Je, una kuku? Jibu likiwa hapana, ruka mpaka swali la ishirini. Maswali yote ya mayai yalikuwa kati ya kumi na mbili na kumi na tisa. Kwa hiyo mwaka mzima Nazaria aliingia nyumba zile arobaini za punje nyeusi, akauliza, akajibiwa hapana, akaruka. Alikuwa mwaminifu kwa karatasi kama alivyokuwa mwaminifu kwa yule mzee wa "Mingi".

Mwaka ukaisha. Daktari Ileana akarudi na matokeo, tukakaa tena kwenye vile viti, naye akabandika ukutani karatasi kubwa yenye mistari miwili, mwekundu wa wenye kuku na wa buluu wa wasio na kuku. Mistari ilipanda pamoja, ikishikana hivi, mpaka mwisho. Hata mimi nisiyejua takwimu niliona.

"Nimechukua wastani wa kila kundi," akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha. "Hakuna tofauti. Watoto wa nyumba zenye kuku hawakuwazidi wenzao. Poleni sana. Sitaweza kuziombea kuku zile nyumba arobaini zilizobaki."

Kina mama wa punje nyeusi hawakumtazama Daktari, walimtazama Nazaria, maana yeye ndiye aliyewaambia punje haipendi mtu. Nazaria alikuwa akiikodolea macho ile karatasi, midomo ikicheza, anahesabu. Kisha akageuka kutazama watu, macho yake yakatua kwangu. Nilikuwa nimempakata Delmi, na Delmi alikuwa anakula yai.

Nilitamani kulificha. Nilifiche wapi yai lililo mdomoni mwa mtoto?

Nilijua anachofikiri, na roho iliniuma kwa ajili yake. Akinyamaza, kitabu chake cha mwaka mzima kinabaki safi na jina lake linabaki lilivyo, lakini kuku ndio basi. Akisema, atakuwa yeye mwenyewe amekiri kwamba mtu hodari wa kuhesabu kuliko wote mlimani hakuona kilichokuwa jikoni mwake. Akasimama.

"Daktari," akasema, "kitabu changu kina kosa. Lile pale, linakula yai."

"Sielewi, Mama Nazaria."

"Nyumba yangu haina kuku, ila mjukuu wangu anakula mayai. Na kama wangu anakula, na hao wengine wanakula. Hukulinganisha wanaokula na wasiokula. Umelinganisha watoto wanaokula na watoto wanaokula."

Daktari akavua kofia, mara ya kwanza tangu tumjue. "Nani hapa aliwapa mayai watoto wa nyumba nyingine?" Watu wote wakainamisha vichwa, wakatazama sakafu kwa bidii. "Hamjafanya kosa, jamani. Nataka kujua tu. Ni mangapi?"

Hapo ndipo akazidi kuharibu. Mwanamke mmoja akaanza kukusanya shali yake na watoto wake aondoke. Nazaria akaja hadi kwenye kiti changu, akachuchumaa mbele yangu, na nikaona machozi yanamlengalenga.

"Komadre," akasema polepole, "nisamehe kwa ninachokuuliza, hata kama nitaeleweka vibaya. Ulimpa Delmi mayai mangapi?"

Ningeweza kusema sijui, naye angeandika "hajui", na ingekuwa mwisho wa habari. Lakini mimi nilijua.

"Mia mbili na kumi na moja," nikasema.

Ukumbi mzima ukapiga yowe. "Otilia!" akasema mtu nyuma. "Ulihesabu?"

"Nilihesabu, ndiyo! Nina alama za mkaa nyuma ya kabati la unga, nenda kaone. Kila yai alama moja. Si kwa kumsimanga mtu. Yule mtoto alikuwa chini ya wote kwenye ile karatasi, nami nilimshika wakati wa maji ya ubatizo. Niliogopa. Nilihesabu kama unavyomhesabia mgonjwa vidonge, basi. Sasa nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Aliyeinuka ni mke wa Tiburcio, mwanamke asiyesema neno mkutanoni hata siku moja. Akatoa kifuani kamba nyembamba yenye vifundo. "Hii ni ya mtoto wangu wa ubatizo, yule wa chini mtoni," akasema. "Nilifunga kifundo kila yai." Baada yake mwingine akasema ana maharage kwenye chupa. Mwingine akasema yeye kaandika kwenye kalenda, ila kwa msalaba mdogo ili mumewe adhani ni sikukuu za watakatifu. Hapo ndipo watu wakacheka, mpaka Daktari akalazimika kukaa. Kijiji kizima kisichohesabu zawadi kilikuwa kimehesabu zote, kila mtu kwa siri na kwa aibu yake.

Siku tatu Nazaria alipita nyumba kwa nyumba akikusanya kamba, chupa na kalenda, na kila mlangoni aliomba radhi kwanza. Walipomaliza kujumlisha, ikaonekana watoto wa punje nyeusi walikula wastani wa mayai manne kwa wiki, na wa punje za njano matano. Kisha Daktari akafanya jambo jipya: akawapanga watoto kwa mayai waliyokula, asijali nyumba walikotoka. Safari hii waliokula mengi walikuwa wamerefuka kuliko waliokula machache, na Delmi alikuwa ametoka chini kabisa akawapita watoto kumi na wanne.

Tukashangilia. Daktari akatunyanyulia mkono.

"Polepole. Hivi vinaandamana tu. Labda aliyepata mayai mengi ana walezi wengi, na ni walezi waliomsaidia kwa mambo mengine."

Vichwa vyote vikamgeukia Tiburcio. "Nini?" akasema. "Mimi sijasema kitu!"

"Kwa hiyo tutajaribu upya," Daktari akaendelea, "ila punje zichague vijiji, si nyumba. Kijiji kizima kipate au kijiji kizima kingoje mwaka, na mwisho wa mwaka wote wapate. Tuanze kuandika vijiji vya kupigiwa punje. Los Pinares hapo ng'ambo, kwa mfano."

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Nazaria akamweleza kwamba kila Januari tunabeba sanamu ya mtakatifu wetu hadi Los Pinares na wao wanaleta ya kwao kwetu, ndiyo guancasco, agano la babu zetu la kutopigana tena, na kwamba siku hiyo hakuna anayekwenda bila kikapu.

"Hivi kuna kijiji chochote milima hii ambacho hampeani kitu?" Daktari akauliza, amechoka.

"Cerro Pelado!" tukajibu kwa pamoja.

Wao waliiba kengele yetu, au sisi tuliiba yao, inategemea unamwuliza nani. Hatujapelekeana hata chumvi tangu enzi za babu zetu. Daktari akaiandika Cerro Pelado kwa furaha, pamoja na vijiji vingine tisa vya mbali.

Majibu ya wafadhili wa Daktari yalikuja baada ya miezi miwili. Nazaria aliyasoma mbele ya kanisa. Daktari alikuwa amewaandikia kila kitu, hadi misalaba ya kwenye kalenda, na kuhusu sisi aliweka sentensi moja: kijiji hiki hakigawanyiki kwa mbili. Kwa hiyo walikubali kuku wa zile nyumba arobaini waletwe, na sisi tutolewe kwenye utafiti moja kwa moja. Jumatano iliyofuata lori likaja na matenga, na Nazaria akachukua kuku sita wake, akawahesabu mara tatu.

Kwenye bahati nasibu mpya Cerro Pelado ilitoa punje nyeusi. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuandika na asiyeogopa mbwa, Nazaria ndiye aliyetumwa kukusanya takwimu huko. Dodoso safari hii alilitunga yeye nusu, na halikuwa na "ruka" hata moja. Swali la kumi na mbili lilisema: Jana mtoto alikula mayai mangapi, na yalitoka wapi?

Mwezi wa tatu wa utafiti huo aliingia dukani kwangu, akakaa juu ya gunia la unga bila kusalimia.

"Nyumba ya kumi na saba," akasema. "Mama yake anaitwa Eusebia. Kaniomba nimbatizie mtoto."

"Mtu wa Cerro Pelado? Thubutu! Ukamjibu nini?"

"Unajua nilichomjibu. Nani anamkataa mtoto mbele ya maji?"

"Kwa hiyo utakuwa unapita pale kila mwezi, mtoto anakuomba baraka..."

"Usinimalizie, Otilia."

"...na una kuku sita nyumbani." Nilikuwa nacheka mpaka unga ukaniingia puani. "Komadre, si ungepita mikono mitupu tu, kwa ajili ya utafiti?"

Akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya nifunge mdomo, na hilo halitokei mara nyingi.

Mwezi uliofuata alitia kwenye mfuko wake kalamu, dodoso na yai moja la kuchemsha lililofungwa kwenye kitambaa. Alipofika nyumba ya kumi na saba mtoto akaomba baraka, akapewa, akala. Kesho yake asubuhi Nazaria, aliyelala hukohuko, alirudi mlangoni akauliza swali la kumi na mbili kwa Eusebia, akaandika jibu kwa mwandiko wake ulionyooka: Moja. Limetoka kwa mkusanya takwimu.

Daktari Ileana akapiga simu mara tu alipoipata karatasi. Nilikuwepo, nilisikia yote.

"Mama Nazaria, nyumba ya kumi na saba. Huyo mkusanya takwimu ni nani?"

"Ni mimi."

Daktari akashusha pumzi. "Haya. Ni mtoto mmoja. Nitaliandika kama lilivyo. Na mwezi ujao?"

Nazaria akanitazama, akatazama nje walikokuwa kuku wake, akahesabu kimoyomoyo nyumba za Cerro Pelado zenye watoto wa kubatizwa.

"Mwezi ujao," akasema, "acha nafasi ya tarakimu mbili."